Mizani Mbovu: Ujasiri na Ukurupukaji wa Mhusika wa Mtaa wa Mabanda

Katika uhakiki wa fasihi inayohusu mitaa ya mabanda ya Nairobi kumejengeka mazoea ambayo yamekwisha kuzeeka bila kuulizwa swali. Mhusika anayetoka Kibera au Kawangware anaposimama mbele ya tingatinga, anapogoma kulipa kodi, au anapompa mkubwa jibu ambalo mkubwa hakulitarajia, mhakiki hungoja ukurasa wa mwisho ndipo ampe jina. Akinusurika, ameonyesha ujasiri. Akifa, akifungwa, au kibanda chake kikilazwa chini, basi alikuwa na papara, hakupima, alijipalia makaa mwenyewe. Tendo ni lile lile. Kilichobadilika ni matokeo, na matokeo hayo mara nyingi huamuliwa na mwenye bunduki wala si na mhusika. Mizani inayosoma uzito wa mzigo baada ya mzigo kuibwa si mizani.

Kosa hili lingekuwa jambo la wasomi peke yao lau lisingefika darasani. Lakini linafika, tena kwa njia ya mkato, kupitia miongozo ya vitabu vya kutahiniwa ambamo wahusika hupangiwa sifa kama bidhaa dukani: huyu jasiri, yule mkaidi, huyu mwenye pupa. Mwanafunzi wa Laini Saba au wa Gatina anayeyakariri hayo hafundishwi habari za wahusika wa kubuni tu. Anafundishwa jina la kumwita mama yake aliyeyarudisha mabati juu ya nguzo siku ya pili baada ya kubomolewa.

Lugha ya Kiswahili ina hazina ambayo mhakiki huyu haitumii. Haina neno moja la kuonyesha upande wa pili wa ujasiri. Ina maneno mengi, na kila moja lina kipimo chake. Papara ni lawama ya wakati: mtu alitenda kabla ya saa yake. Ukaidi ni lawama ya utii: mtu aliambiwa, hakusikia. Ujuba ni lawama ya cheo: mtu alimvukia aliye juu yake mpaka usioruhusiwa. Ujahili ni lawama ya ujuzi: mtu hakujua, au hakutaka kujua. Na ukurupukaji, neno linalopendwa na wahakiki wa siku hizi, limetokana na kitendo cha mnyama anayechomoka kichakani kwa kushtuliwa. Ajabu ni kwamba wanaolitumia kumlaumu mnyonge husahau kuwa kila aliyekurupuka yupo aliyemkurupusha. Mtu anapoyachanganya maneno haya yote na kuyafanya kisawe cha kitu kimoja, hupata nafasi ya kumshtaki mhusika kwa kosa la cheo huku akijidai kuwa amemshtaki kwa kosa la akili.

Mfano wa Fumo Liyongo unatosha kuonyesha jinsi kipimo cha cheo kinavyofanya kazi kwa siri. Katika utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anaulizwa na mwanawe ni kitu gani kinachoweza kumuua. Jagina huyu si mtoto mdogo. Amekwisha kuhisi kwamba swali hilo limetumwa na maadui. Hata hivyo anaitoa siri ya sindano ya shaba na kitovu, na kwa sindano hiyo anauawa. Kama kuna tendo katika fasihi ya Kiswahili linalostahili kuitwa kutojali, ni hili. Lakini vizazi vya wahakiki vimelisoma kuwa ni ukubwa wa moyo, ni uungwana, ni shujaa kuyakabili mauti kwa hiari yake. Huenda wakawa wamesema kweli. Linalodaiwa hapa ni kwamba uvumilivu ule ule wa kusoma, wa kutafuta maana nyuma ya kosa linaloonekana, hautolewi kwa mhusika asiye na nasaba ya kifalme. Liyongo akifa kwa kusema, amekufa kishujaa. Mpangaji wa Mashimoni akifa kwa kusema, mdomo umemponza.

Wapo watakaoleta methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wataifasiri kuwa wahenga waliuhofia ujasiri na kuusifu woga. Fasiri hiyo ni ya haraka mno. Methali haimtazami shujaa akiwa vitani. Inaitazama nyumba yake. Inauliza ni sauti gani itakayosikika mlangoni jioni, na ni nani atakayeitoa. Kwa maneno mengine, inapima tendo la hatari kwa wale watakaolilipia. Hicho ni kipimo bora kuliko kile cha ukurasa wa mwisho, na kikiunganishwa na kipimo cha ujahili, yaani je, mhusika aliijua bei, mhakiki hahitaji kingine. Alijua? Na nani alilipa? Mtu akiyauliza hayo mawili kwa uaminifu, kazi nyingi zitasomeka upya.

Ebrahim Hussein aliyauliza zamani. Tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, imejengwa juu ya mpaka huu hasa. Watu wanayaamini maji. Kinjeketile mwenyewe anakuja kuyatilia shaka maneno aliyoyatamka. Kitunda anatazama idadi ya bunduki na haja ya mazoezi. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viligharimu roho zisizohesabika, na mwandishi hafichi kwamba imani ile ilikuwa na ujahili ndani yake. Lakini pia hamwachi mtazamaji aondoke na lawama rahisi. Mwishoni Kinjeketile, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu anajua kauli hiyo itageuzwa kuwa hoja ya kuwazuia wajukuu wasiidai nchi yao. Anajua, na anayelipa ni yeye. Katika mchezo mmoja ujahili wa umati na ujasiri wa mtu mmoja vimekaa pamoja bila kuchanganywa, na havikutenganishwa kwa kushinda au kushindwa, maana wote walishindwa.

Sasa mizani hiyo na iletwe Kibera. Mji huu ulianza kwa askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la wakoloni la King's African Rifles wakapewa mahali pa kukaa msituni. Jina lenyewe katika Kinubi lina maana ya msitu. Ardhi iliyotengwa mwaka 1918 ilizidi ekari 4,000. Hati ya jumuiya waliyoipata Wanubi mwaka 2017, karibu karne nzima baadaye, ilikuwa ya ekari 288. Katika karne hiyo watu wa makabila mengine waliingia, wakajenga, wakapanga, wakapangisha, wote juu ya ardhi ambayo serikali iliendelea kuihesabu kuwa yake. Kujenga bila hati ni nini? Anayetazama kutoka Lavington au kutoka ofisi ya ardhi ataita kutojali. Aliyejenga anajua kitu ambacho mtazamaji hajui: kwamba kodi ya chumba cha mawe inazidi mshahara wake, kwamba kazi iko umbali wa kutembea kwa miguu, na kwamba ubomoaji haufiki kila mwaka. Amefanya hesabu. Hesabu hiyo inaweza kukosea, lakini hesabu iliyokosea si sawa na kutohesabu.

Hata reli inayopasua mtaa huo inasomwa vibaya. Wapiga picha hupenda kuonyesha wachuuzi waliotandaza mitumba na samaki hatua chache kutoka kwenye vyuma, kana kwamba ni watu wasiojua treni ni kitu gani. Wachuuzi hao wanazijua saa za treni kuliko abiria wake.

Hadithi fupi ya Said Ahmed Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", iliyoupa jina mkusanyiko wa mwaka 2016 uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ndiyo iliyoteswa zaidi na mizani mbovu. Mtaa wake unaitwa Madongoporomoka na haumo katika ramani yoyote, lakini msomaji wa Nairobi hahitaji ramani. Anakumbuka Muoroto na Kibagare zilizobomolewa mwaka 1990. Anakumbuka asubuhi ya tarehe 23 Julai 2018, tingatinga zilipoingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya wakazi wakapoteza nyumba, shule na makanisa kwa siku moja. Katika hadithi, Jitu linashuka garini, linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, linakula chakula chote kilichoandaliwa kwa wateja, kisha linaahidi kurudi kesho likiwa na njaa zaidi. Kesho yake zinakuja tingatinga, na askari pamoja nazo.

Miongozo husema: Mzee Mago ni jasiri kwa kuwa anatetea haki, wakazi ni wakakamavu kwa kuwa wanapinga. Mara nyingine huongeza kwamba wakazi walikosa busara kwa kupambana na dola. Zote mbili ni lebo, na lebo zote mbili zimeruka sehemu iliyo muhimu kuliko zote, yaani muda uliotangulia kuja kwa tingatinga. Mwandishi ameutandaza muda huo wazi. Wakazi wanazungumza. Wanaihoji thamani ya ardhi yao na sababu ya kutakiwa kwake. Mzee Mago anawaza habari za sheria na za mwanasheria asiyenunulika kabla hajawaza fujo yoyote. Ikiwa huko si kupima, basi neno kupima halina maana. Mhakiki anayesema walikurupuka hakusoma. Alitazama vibanda vilivyolala chini akaandika. Naye anayesema ni majasiri bila kueleza ujasiri huo umetokana na kujua nini, amewasifu jinsi mtu anavyomsifu jogoo wa kupiganishwa.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya miongozo, na miongozo si uhakiki. Utetezi huo haufai. Mkondo huo huo umo katika namna wasomi walivyompokea Meja Mwangi. Katika The Cockroach Dance ya mwaka 1979, Dusman Gonzaga, mfanyakazi wa Baraza la Jiji anayesoma mita, anaishi katika Dacca House, jumba ambalo mwenyewe, Tumbo Kubwa, amelikatakata hata chumba cha kuogea kikawa makazi ya familia. Dusman anaamua kuwachochea wapangaji wagome kulipa kodi. Kabla ya hapo ofisi imekwisha kumtuma kwa daktari wa akili. Katika riwaya hiyo Mwangi ameonyesha kwa kejeli kali jinsi uthubutu wa mtu wa chini unavyogeuzwa kuwa ugonjwa: anayeona ya kuwa si haki watu kuishi bafuni ndiye anayepelekwa kutibiwa, na aliyewapangisha bafu hana anayemuuliza habari za afya yake. Lakini hata baada ya mwandishi kuitegua mitego yote hiyo, bado kuna wanaomsoma Dusman kama kichaa anayechekesha, na mgomo wake kama kitimbi. Wameungana na ofisi ya Dusman bila kujua.

Mgomo wa kodi si kitimbi Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya wakuu wa nchi kutamka hadharani kwamba kodi za Kibera zilikuwa za juu mno na zinapasa kushushwa, wapangaji wengi walikataa kulipa kiwango cha zamani. Wenye nyumba, wengi wao Wanubi waliokuwa na hofu ya kupoteza hata kile kidogo walichobakiza, walikataa kushusha. Watu wakauawa, wakabakwa, wakahamishwa. Anayetafuta mpaka kati ya ujasiri na ukurupukaji ataupata hapa, lakini hataupata kwa kuuliza nani alikuwa na hasira zaidi. Mpangaji aliyeshikilia shilingi zake mlangoni alijua anahatarisha nini, na aliyehatarishwa alikuwa yeye. Aliyetamka neno jukwaani kisha akapanda gari akaondoka hakuhatarisha kitu. Kama kuna mkurupukaji katika kisa hicho, ni huyo wa jukwaani, na ajabu ni kwamba hakuna mhakiki anayemtafuta huko.

Upande wa wageni mizani imeharibika kwa namna nyingine. Riwaya ya John le Carré, The Constant Gardener, ya mwaka 2001, na filamu yake ya mwaka 2005 ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera kwenyewe, zimemtukuza Tessa, mke wa afisa wa ubalozi wa Uingereza, anayeingia katika vichochoro vya mtaa na kuifuatilia kampuni ya dawa hadi anauawa. Ujasiri wake haukanushwi. Alijua, na alilipa. Ila kisa chote kimesimama juu ya mgongo wa Wanza, mwanamke wa Kibera aliyepewa dawa ya majaribio akafa. Wanza hana nafasi ya kuwa jasiri wala mkurupukaji. Hakuachiwa uamuzi wowote wa kupimwa. Kutembea Kibera kukifanywa na Tessa ni tendo. Kukifanywa na Wanza ni mandhari. Na Kawangware, iliyopakana na Lavington kiasi kwamba walinzi na wafanyakazi wa nyumbani huvuka kwa miguu kabla ya jua kuchomoza, haina hata mandhari hiyo. Hutajwa zaidi katika habari za ghasia, au kama mwisho wa safari ya matatu nambari 46.

Lakini isidhaniwe kwamba dawa ya dharau ni kumpamba kila kijana wa mtaa wa mabanda kwa taji la ushujaa. Uhakiki wa aina hiyo upo pia, nao hujiona wa kimapinduzi. Unashangilia kila jiwe lililorushwa. Kwao John Kiriamiti ni hazina, kwa kuwa Jack Zollo wa My Life in Crime, kitabu kilichotoka mwaka 1984 na kuwa miongoni mwa vilivyosomwa zaidi Kenya, anaiba benki kwa mpango na utulivu ambao hata afisa wa jeshi angeutamani. Naam, Zollo si mkurupukaji. Anahesabu. Walakini methali ya wahenga inamngoja mlangoni, na Kiriamiti mwenyewe, kwa uaminifu unaostahili heshima, ameipeleka huko. Mwaka 1989 alitoa My Life with a Criminal: Milly's Story, akayasimulia maisha yale yale kwa sauti ya mwanamke aliyempenda mwizi bila kujua kuwa ni mwizi. Vitabu hivyo viwili vinapaswa kusomwa pamoja. Katika cha kwanza hatari ni ya Zollo na inasisimua. Katika cha pili bili imefika, na imeandikwa jina la mtu ambaye hakuagiza kitu.

Ndiyo sababu Januari 2008, vijana walipoing'oa reli ya Kibera katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, tendo lile lisingeweza kuitwa ujasiri hata kama lilifanywa mbele ya bunduki, na hata kama hasira iliyolizaa ilikuwa na sababu. Treni iliyokatizwa haikuwa ya wakubwa. Na Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26, jirani alipochoma duka la jirani Kawangware kwa sababu ya lugha aliyozaliwa nayo, hapakuwa na tendo la kupimwa hata kidogo. Mwandishi atakayezitunga siku hizo na kuziita ushujaa atakuwa amefanya kosa lile lile la mwenye mwongozo, ila kwa mkono wa kushoto. Wote wawili wanakataa kuuliza nani alilipa.

Itapingwa kwamba kipimo cha kujua ni kigumu, kwa kuwa msomaji hawezi kuingia moyoni mwa mhusika. Si kweli kwamba hawezi. Kazi ya fasihi ni hiyo. Abdilatif Abdalla alipotoa waraka wa "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968 na kufungwa miaka mitatu kuanzia 1969, serikali ilimwona mchochezi. Kama asingeandika gerezani mashairi yaliyotolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, huenda na yeye angekumbukwa kama kijana wa miaka 22 aliyekuwa na haraka. Aliiandika hesabu yake mwenyewe, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumwita mkurupukaji. Mkazi wa mtaa wa mabanda katika riwaya na hadithi zetu, mara nyingi, huandikiwa hesabu na mwingine, au haandikiwi kabisa. Pale ambapo mwandishi hakuionyesha hesabu hiyo, mhakiki anayo haki ya kumlaumu mwandishi. Hana haki ya kuijaza nafasi tupu kwa neno papara na kulibandika kwa mhusika.

Mgogoro wa kodi wa 2001 ungemfaa mtunzi yeyote anayetaka kuujaribu mpaka huu kwa Kiswahili. Una wapangaji, una wenye nyumba ambao nao ni maskini, una wakubwa waliosema na kuondoka. Atashawishika kuanza na panga, kwa kuwa panga huvuta macho. Afadhali aanze siku ya kodi, kabla ya kitu chochote kumwagika, katika kichochoro cha Makina, mwenye nyumba akibisha hodi na mpangaji akiwa bado ameketi kitandani, fedha mkononi, akizihesabu mara ya pili.